Re: Oksijeni ya ubongo inasoma 28, mgonjwa anaongea vizuri

Mkuu, habari za kazi. Nimekuelewa hivi: njia ya nyongo imeziba, macho ni manjano kabisa, na kabla hata ya nusukaputi vibandiko vya paji la uso, vya mashine inayopima oksijeni ya ubongo kwa mwanga, vinasoma asilimia 28 kulia na kushoto, huku kipimo cha oksijeni cha kidole kinasoma 98.

Anza na vibandiko: jasho, nywele, mwanga wa taa. Kisha presha na hemoglobini. Vikiwa sawa, mwamini mgonjwa. Ubongo wenye njaa ya oksijeni kiasi hicho haukuulizi lini utaruhusiwa kula.

Rangi za nyongo zilizojaa kwenye ngozi na tishu hunyonya mwanga wa mashine, namba ikashuka kwa uongo. Kipimo cha kidole hakisumbuliwi sana na bilirubini (rangi ya manjano ya nyongo), ndiyo maana vinapishana.

Mimi huandika namba ya mwanzo mgonjwa akiwa macho, kisha nafuata mabadiliko tu. Ikishuka kama asilimia 20 ya ile ya mwanzo naangalia shingo imepinda wapi, presha, kaboni dioksaidi (tukimpumulisha kupita kiasi mishipa ya ubongo hubana), na damu iliyopotea. Wanaomwaga dawa za kupandisha presha ili tu mashine ya ubongo isome 60 siwaelewi.

Ila baadhi ya mashine hazishuki chini ya 15. Ikiganda hapo, hata mwelekeo huna tena. Izime, usimamie presha na hemoglobini. Kama wasiwasi ni mkubwa, pima damu inayorudi kutoka kichwani kupitia mshipa wa shingo.