Kokoto za jirani kwenye njia ya waenda kwa miguu

Dada pole sana, hilo la jirani kumwaga mchanga na kokoto njiani mpaka watoto washuke kwenye lami kupishana na bodaboda si la kunyamazia hata kidogo. Kibali cha ujenzi kinamruhusu kujenga ndani ya kiwanja chake, hakimpi hifadhi ya barabara, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, iwe stoo, na hapo sheria iko upande wako, ipo Sheria ya Barabara ya 2007.

Ila usianze na ofisi, anza na yeye mwenyewe jioni akiwa ametulia, na ongea na fundi pia maana mara nyingi fundi ndo anamwelekeza dereva wa lori amwage wapi, mwenye nyumba hata hayupo. Mwombe vitu viwili tu, waache upenyo wa mama mwenye mtoto mgongoni kupita bila kujibana, na mchanga wautoe mdomoni mwa mtaro, mvua moja tu ya masika inausomba wote mtaro unaziba maji yanaingia kwenu. Nondo zilizotokeza nazo wazikunje au wazifunge, zile zinachana miguu usiku.

Asiposikia piga picha, nenda kwa mjumbe halafu mtendaji wa mtaa umwandikie barua ubaki na nakala, wakikaa kimya na barabara ni ya mtaa peleka TARURA, wale wakala wa barabara za vijijini na mijini. Tofali zake usizisogeze mwenyewe aisee, zikipungua mbili tu utaitwa mwizi.