Muziki wa filamu usiokaa kichwani

SWALI: Bwana Mhariri, assalaam alaykum. Juzi tuliangalia nyumbani filamu ya Kimarekani ya mwaka 1962, To Kill a Mockingbird, inayomhusu wakili mgane anayelea watoto wake wawili. Nililia, na mama yangu akalia, lakini kulipokucha sikuweza kuimba hata kipande cha muziki wake, ilhali wimbo wa taarab huushika nikiusikia mara moja. Je, mtunzi hakuifanya kazi yake?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam. Mtunzi huyo, Elmer Bernstein, aliifanya vyema mno, na machozi yenu ni ushahidi.

Katika taarab, fidla, ganuni na udi hufuata njia moja ya sauti, kila chombo kikiipamba kwa namna yake, na mwimbaji anaponyamaza ndipo vyombo vinapomjibu kwa nguvu. Wewe umekwenda kwa ajili ya wimbo huo; hata bashraf, isiyo na mwimbaji, hukurudishia kipande kile kile mpaka ukakizoea. Okestra ya Hollywood huzigawa fidla zake makundi, hili likishika sauti ya juu na lile ya chini, na anayepigiwa si mwimbaji bali ni watu wanaozungumza. Baba anapomsemesha mwanawe usiku, mtunzi huviondoa vyombo vinavyolia kimo kimoja na sauti ya binadamu, akabakisha nyuzi laini ili neno lisipotee. Yote hayo hupimwa kwa sekunde, kwa sababu mtunzi huletewa filamu ikiwa imekwisha kukatwa na kuungwa, akakaa na mwongozaji kuamua muziki uingie wapi na utoke wapi.

Bernstein alisimulia kwamba alikaa wiki kadhaa bila ya kupata pa kuanzia, mpaka alipotambua kuwa mambo ya wakubwa yanaonekana humo kwa macho ya watoto. Ndiyo maana mwanzoni husikii okestra, bali piano peke yake, noti moja moja, kama mtoto anayedonoa kwa kidole. Filimbi inaipokea, na nyuzi zinakuja baadaye. Max Steiner, aliyezaliwa Vienna mwaka 1888 na kuwa miongoni mwa waasisi wa fani hii, pengine angeitandaza okestra nzima tangu majina ya waigizaji yanapoanza kuonyeshwa. Nampenda Steiner, lakini kwa hadithi hii ingekuwa sawa na kumbembeleza mtoto mchanga kwa beni.

Sikiliza pia pasipo na muziki. Kesi inaposikilizwa mahakamani, okestra hunyamaza, nawe unabaki na maneno ya mashahidi na joto la ukumbi ule, bila ya fidla kukuelekeza umhurumie nani.

Rudieni dakika zile za mwanzo mkiwa mmefumba macho. Sauti ya piano ni nyepesi, na nadhani mama yako atatangulia kuiimba.