Chai baridi ya rozela bila uchachu mkali

Umeuliza kwa nini chai yako ya rozela inakuwa chachu mno, na kama kweli inashusha presha. Acha kuichemsha. Loweka nusu kikombe cha maua makavu kwenye lita 1 ya maji baridi, weka kwenye friji usiku kucha, chuja, tia barafu. Rangi inabaki nyekundu iliyokoza, ukali unapungua sana.

Presha inashuka kweli, ila kidogo: katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2010, waliokunywa vikombe 3 kwa siku kwa wiki 6 walipungukiwa wastani wa pointi 7 hivi kwenye namba ya juu. Usiijaze sukari, tafadhali. Na kama una ujauzito au unameza dawa za presha, zungumza na daktari kwanza.