Nimewaongeza mshahara, mbona kazi ni ileile?

SWALI: Shikamoo mzee. Nina karakana ya useremala hapa Mafinga, tunatengeneza milango, fremu na vitanda. Nina mafundi wawili watu wazima, vijana wanne wa randa na msasa, na binti anayeshika daftari la mauzo. Mwaka jana niliwaongeza wote mshahara kwa kiwango kimoja. Desemba nikachinja mbuzi, na kijana anayewahi kufika kuliko wote nikampa godoro kama mfanyakazi bora. Oda zikibana wanabaki hadi saa mbili usiku, na chai nawapa. Lakini kazi imerudi kuwa ileile. Fundi mkubwa amenuna tangu siku ya godoro, na vijana wawili walitoweka mvua zilipoanza, wakarudi Januari bila hata aibu. Niwape nini hawa watu? – Mama Milango, Mafinga

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na hiyo chai ya saa mbili usiku, maana mengine hayatakaa sawa hilo lisiporekebishwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni ovataimu, na saa yake hailipwi chini ya mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Chai ni ukarimu wako, haifuti deni. Ulipandisha mshahara mchana, usiku ukaurudisha mfukoni mwako, na vijana hesabu hiyo wanaijua.

Sasa, ukimwita mfanyakazi ukamuuliza anataka nini, atakwambia hela. Si kwamba anadanganya. Hilo ndilo jibu ambalo mtu humpa bosi wake ili atoke ofisini salama. Mwaka 1959 Mmarekani mmoja, Frederick Herzberg, alitoa pamoja na wenzake matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh. Waliwataka wasimulie wakati ambao waliifurahia kazi kupita kawaida, na wakati ambao iliwachosha roho. Visa vya uchungu vilijaa habari za usimamizi mbaya, taratibu za kampuni na malipo. Vya furaha vilihusu kazi iliyofanikiwa, kutambuliwa, na kupewa jukumu. Hao walikuwa watu wa kalamu na mshahara wa mwezi, kwa hiyo sikwambii uyabebe majibu yao mazimamazima mpaka Mafinga. Ila namna ile ya kuuliza ichukue.

Mwulize fundi wako mkubwa ni mlango gani aliotengeneza hapo kwako anaukumbuka. Halafu nyamaza. Nakuhakikishia hatakutajia siku ya mshahara. Atakwambia habari za mbao fulani, maungo yaliyokaa bila pengo, na mteja aliyerudi kumshukuru. Kisha mwulize ni upi anauonea haya, hapo ndipo utajua kwa nini amenuna. Mimi nabahatisha hivi: kuna siku alikwambia mbao ya paini bado mbichi, wewe ukasema mteja anasubiri. Mlango ukapinda, ukarudishwa, na lawama akazibeba yeye. Baadaye ukamtangaza bora mtu aliyewahi kufika saa moja! Kwa fundi aliyezeekea kwenye randa, hiyo haikuwa zawadi ya kijana, ilikuwa hukumu juu yake. Mpe mamlaka ya kuikataa mbao mbichi, hata oda ichelewe wiki nzima, na umweleze mteja wewe mwenyewe. Hilo litakugharimu kuliko godoro.

Usije ukafikiria kumlipa kwa idadi ya milango. Nilikuwa utumishi kwenye chai huko Mufindi, ambako mchumaji hulipwa kwa kilo. Kilo zilipatikana, tena nyingi, lakini kiwanda kinataka majani mawili na kichomozo, na mtu anayekimbizana na mizani huchuma hata majani makuukuu. Malipo ya kipande yanafaa kazi ambayo ni rahisi kuhesabu na ngumu kuharibu, kama kushusha mbao kwenye lori na kuzipanga. Kama mmoja wa vijana wako anatafuta tu hela ya kununua bodaboda, mpe hiyo, mtaelewana vizuri. Si lazima kila mtu aipende mbao.

Wale wawili waliotoweka usiwasemee aibu. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, na asiyepanda mahindi zinapoanza atanunua debe mwaka mzima kwa mshahara huohuo wako. Kaa nao Oktoba. Mpange zamu, wawili wanakwenda shamba wiki hii, wawili wiki inayofuata. Anayetaka mkopo wa mbolea mpe, makato yaandikwe na asaini. Kijana aliyenunuliwa mbolea hatoroki, anaaga.

Na waulize pia wamekaa kwenye msasa muda gani. Kijana hupiga msasa kwa moyo akiona kwamba mwakani atashika fremu. Akiona mwakani ni msasa tena, macho yake yanahamia karakana ya jirani. Fundi wako mdogo mpe mmoja amfundishe, na umwongeze chochote kwa kufundisha.

Binti wa daftari umemtaja kwa mstari mmoja tu, nami nina shaka ndivyo unavyomtazama. Yeye ndiye anayejua mteja gani hulipa na yupi husema kesho. Mwachie apange bei ya vitanda na apunguze mpaka kiwango mtakachokubaliana, bila kukupigia simu kila mara. Mkague Jumamosi. Na akiomba kwenda kusoma uhasibu jioni, mruhusu, ila siku hizo msimpangie kufunga hesabu usiku.