Unasema Iringa hakuna cha kuona? Njoo tutembee

Kuna msomaji kanitumia meseji juzi, ametokea Dar, yupo hapa Iringa anasoma chuo. Anasema, "Dada naona kila siku unaandika mambo ya maonyesho ya sanaa na kutembea mtaani, mimi wikiendi nalala tu maana huku hakuna kitu, wewe hivyo vitu unavionaga wapi?" Nilimjibu kwa kifupi palepale ila baadae nikaona hapana, hili nalijibu hapa kwa kirefu, maana najua mpo wengi, mnapenda vitu vizuri, mnataka macho yaone na akili ikue, alafu mnashinda ndani mnaangalia makumbusho ya Ufaransa kwenye simu.

Nianze na jambo ambalo sijawahi kuliandika. Kuna kipindi nilikuwa Dar kwa mambo ya kazi, nikaona tangazo la maonyesho ya michoro, kiingilio bure, nikapanga jioni yangu vizuri nikaenda. Nimesimama mbele ya mchoro mmoja wa mtindo wa Tingatinga, ndege na chui, rangi zinawaka kweli kweli, akaja kaka mmoja amependeza, anaonekana ni mwenyeji wa mambo yale, tukapiga stori kistaarabu kabisa mpaka akaniuliza natokea wapi. Nikamwambia Iringa. Akacheka, akasema, "Iringa si ndo mnatuletea madada wa kazi, kumbe na michoro mnaangalia?" Na wenzake wakacheka.

Naandika hivi na bado inanikaba. Shangazi yangu alikuwa dada wa kazi Dar, hela yake ndo ilinilipia ada ya sekondari. Sikumjibu yule kaka, lakini sikuondoka pia. Niliuzunguka ule ukumbi taratibu, nikarudia tena, nikasoma kila karatasi iliyobandikwa pembeni ya picha, nikatoka wakati wanafunga.

Baadae ndo nikaja kusoma habari za Edward Saidi Tingatinga mwenyewe. Kazaliwa 1932 Tunduru, kusini kama sisi, akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha Dar akafanya kazi za nyumbani kwa Mzungu, na mwaka 1968 ndo akaanza kuchora kwenye hardbodi kwa rangi za baiskeli. 1972 akafariki. Ni miaka minne tu hiyo, na mpaka leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake! Kwahiyo yule kaka alikuwa anawacheka wafanyakazi wa ndani huku amesimama chini ya mchoro wa mtindo ulioanzishwa na mtu aliyefanya kazi za ndani. Tangu nilivyolijua hilo sijawahi tena kuingia sehemu ya sanaa nikijiuliza kama nastahili kuwepo, na wewe usijiulize.

Haya, turudi Iringa.

Mimi Jumamosi naanzia Boma. Lile jengo Wajerumani walilijenga mwaka 1900, watu wanapita nje kila siku kwenda sokoni na hawajawahi kuingia, siku hizi ni makumbusho ya mkoa. Mle ndani kuna vitu vya wenyeji wa nyanda hizi, vya nyumbani, vya shamba, vya vita, na usikimbilie kuvimaliza. Ninachofanya mimi nazunguka mara moja haraka kisha nachagua kitu kimoja, narudi nasimama pale. Labda ni kibuyu, naangalia kilivyoshonwa kilipopasuka, naangalia mkono ulivyokisugua mpaka kikang'aa. Kisha namuuliza muhudumu. Wale wahudumu wanajua mambo mengi sana ila hakuna anayewauliza, watu wanapiga selfi wanaondoka. Simu iwe mfukoni kwanza, picha utapiga mwishoni.

Ukitoka hapo shuka mdogo mdogo kuelekea sokoni. Karibu na polisi kuna mnara wa kuwakumbuka Waafrika waliokufa kwenye vita ya Majimaji, ile ya kuwapinga Wajerumani, 1905 mpaka 1907. Nimepita pale tangu nina sare ya shule na kwa miaka mingi kwangu ilikuwa ni sehemu ya kukutania tu, "nisubiri pale mnarani." Sasa siku ukipata usafiri nenda na Lugalo, barabara ya kwenda Morogoro, kuna mnara mwingine, huo wa Wajerumani, wa kuwakumbuka watu wao waliopigwa na jeshi la Mkwawa, chifu wa Wahehe, tarehe 17 Agosti 1891, kamanda wao Emil von Zelewski akafia hapohapo. Iangalie yote miwili wikiendi moja uone nani anamkumbuka nani. Hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha historia hivyo, nilijifundisha kwa miguu yangu, na nasema hivi kwa kujivunia.

Sokoni sasa. Vikapu! Vikapu vya majani ya milulu vya Iringa vinauzwa mpaka nje ya nchi, watu wanaviweka sebuleni kama pambo, sisi tunabebea nyanya. Hakuna ubaya kubebea nyanya, ndo kazi yake, lakini hebu siku moja kishike ukigeuze, angalia kitako, maana mwanzo wa kikapu uko pale kwenye kitako na ndipo unapomjua fundi, akianza vibaya huwezi kuficha huko juu. Hayo alinifundisha mama mmoja muuzaji, nilimsalimia kwa Kihehe, kamwene, nikakaa kwenye kigoda chake tukaongea mpaka jua likawa kali, akanionyesha vikapu viwili ambavyo kwangu vilikuwa sawa kabisa na yeye akanitajia kila kimoja kimetoka kwenye mkono wa nani. Kikapu hakina jina la mtu wala sahihi, anautambua mkono. Hiyo kazi kuna watu huko duniani wanaisomea chuo, kusema mchoro huu ni wa fulani, na mama wa watu anaifanya huku anapima karanga.

Na jamani, baada ya kupewa elimu yote hiyo usianze kumbana mama wa watu kwenye bei mpaka akuuzie kwa hasara. Nalisema hili kila mara na nitaendelea kulisema.

Neema Crafts pia usiache, ipo tangu 2003, mafundi wake ni watu wenye ulemavu, wapo viziwi wengi, na wanatengeneza mpaka karatasi kwa kinyesi cha tembo. Ukipata nafasi ya kuona wanavyofanya kazi simama uangalie, uliza, andika swali lako kwenye karatasi kama hujui lugha ya alama.

Mtaani nako usiinamishe kichwa. Angalia mabango ya vinyozi na saluni yaliyochorwa kwa mkono, vile vichwa vyenye denge na shingo ndefu, yanaisha haya, kila mtu sasa hivi anaprinti. Angalia mnara wa saa wa jamatini, msikiti wa Waismailia, kule Uhindini. Soma khanga za kina mama wanaokupita, soma migongo ya bajaji. Ukimkuta fundi anachora bango, simama, muulize anaanza na macho au na nywele. Mimi nilijibiwa anaanza na masikio, kwasababu masikio yakikaa sawa uso mzima unakaa.

Kijana wa chuo, sikiliza, nakwambia kama dada yako. Usisubiri mtu akufungulie mlango mkubwa wenye viyoyozi ndo uamini unaona sanaa. Wewe uliyetoka Dar na mimi niliyezaliwa hapa tuna macho yaleyale, tofauti ni nani anakubali kusimama. Uvivu wa kuangalia ni uvivu kama mwingine tu, na mtu anayesema mji hauna kitu mara nyingi hajawahi kumuuliza mtu yeyote kitu chochote kwenye huo mji.

Ukishamaliza mjini nenda Kalenga, sio mbali, panda gari asubuhi. Kuna fuvu la Mkwawa pale, alijiua 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, wakalipeleka fuvu kwao Ujerumani, likarudi 1954 mkononi mwa gavana wa Waingereza, Edward Twining. Ingia taratibu, vua kofia, mwache muhudumu amalize maelezo yake ndo uulize, na uombe ruhusa kabla ya picha yoyote. Isimila ifuate wiki nyingine, usiziunganishe siku moja, zile nguzo za mchanga na zana za mawe zinataka muda wake. Beba maji, kofia na hela ndogo ndogo za kiingilio, na kama ni mwezi wa sita au wa saba usitoke bila koti.