Kabla hujaibebesha prosesa ya RISC-V mzigo wa michoro

Nilifungua glxgears, ile programu ya majaribio yenye gia tatu: nyekundu, kijani na buluu. Dirisha lake ni dogo tu, pikseli 300 kwa 300, na kwenye bodi yangu ya RISC-V yenye kore (vitengo vya kuchakata) 4 za 1.5 GHz gia zilizunguka bila shida, nikaanza kujisifu. Nikalivuta dirisha lijae skrini ya 1920 kwa 1080. Gia zikaanza kurukaruka, kore zote 4 zikagonga asilimia 100, na kile kipande cha alumini juu ya chipu kikawa hakishikiki.

Nilijitakia. Niliposikia RISC-V ni huria nikadhani kila kitu ndani ya chipu ni huria. Kilicho huria ni seti ya maagizo, yaani orodha ya amri ambazo prosesa inazielewa, kazi iliyoanzia Berkeley mwaka 2010. Kitengo cha michoro kilichokaa pembeni ya kore hizo kinaweza kuwa mali ya mtu mwingine, na draiva yake, programu ya kukiendesha, imefungwa. Cha kwangu kiliendana na kerneli (moyo wa mfumo endeshi) moja ya zamani tu. Nilipoboresha mfumo, skrini ikawa nyeusi. Ndipo nikahamia llvmpipe, sehemu ya Mesa, ile programu huria ya michoro; yenyewe inachora kwa kore za kawaida.

Basi, kabla hujatoa hela, piga hesabu hii. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Kwa fremu 60 kwa sekunde, hizo ni zaidi ya milioni 124 kila sekunde. Kore 4 za 1.5 GHz zinakupa mizunguko ya kazi bilioni 6 kwa sekunde. Gawanya: kila pikseli inabaki na mizunguko 48 hivi, na humo humo mfumo wenyewe nao unataka kula. Kupaka picha juu ya umbo kwa ulaini wa kawaida kunadai kusoma nukta 4 za picha na kuzichanganya, kwa kila pikseli. Hata Intel, walipobuni chipu ya michoro ya Larrabee kwa kore za x86, aina ile ile ya prosesa zao za kompyuta, kazi hiyo waliiachia saketi maalumu.

Mimi nimeshuka hadi 1280 kwa 720, fremu 30. Hapo kila pikseli inapata mizunguko kama 217, na ramani pamoja na menyu zinakwenda vizuri. Michezo mizito sijaribu tena.

Ukiona mambo yanakokota kupita kiasi, andika kwanza amri glxinfo -B, inayokuonyesha nani anachora. Ikisoma softpipe, mchoraji mwingine wa Mesa aliye wa polepole zaidi, badala ya llvmpipe, tatizo si chipu. Weka Mesa mpya zaidi.

Na kama bado unataka kununua, tafuta kore zenye vekta, maana agizo moja linashughulikia pikseli kadhaa kwa mpigo. Zangu hazina. Ila muuzaji akikwambia "hii ina vekta", muulize toleo la vekta hizo. La 1.0 liliidhinishwa mwaka 2021. Zipo chipu zenye 0.7.1, na programu zilizotengenezwa kwa 1.0 hazielewani nazo.