Jibu: Kwa nini chumvi yako ya reni haikutoa fuwele

Ndugu wa Lamu, umesema uliyeyusha unga wa reni, ile metali adimu, kwa peroksidi ya hidrojeni, ukakata makali ya asidi iliyotokea kwa soda kaustiki, ukalaza bika (gilasi ya maabara) usiku kucha, asubuhi ukakuta maji meupe tupu. Umedhani reni imepotea. Haijapotea, imo humohumo majini. Kosa lako nililifanya mimi pia nikiwa mwanafunzi, nikakaa siku mbili nikiitazama bika.

Soda kaustiki inakupa perenati ya sodiamu, yaani chumvi ya reni yenye sodiamu, na hiyo huyeyuka majini vibaya sana: mililita 100 za maji zinameza zaidi ya gramu 100. Perenati ya potasiamu ni kinyume chake. Kwenye nyuzi 20 mililita hizohizo zinashika gramu 1 hivi tu. Kwa hiyo usimwage kitu. Pasha myeyusho wako uwe moto, yeyusha kloridi ya potasiamu kwenye maji machache, utie kidogokidogo. Mimi nilipotia, wingu jeupe lilishuka polepole mpaka chini kama unga wa ngano, na moyo ukatulia.

Safari nyingine tumia hidroksidi ya potasiamu tangu mwanzo. Na peroksidi ile kali ya asilimia 30 itie tone kwa tone, bika ikiwa ndani ya barafu, glavu mkononi na miwani usoni. Mwanzoni unga hulala kimya, ukaona ni mzito wa kuitikia ukashawishika kuongeza. Usiongeze! Ukishaanza, huchemka wenyewe na kuruka nje, na reni ni ghali mno: nyingi hupatikana kwenye moshi wa kuchoma madini ya molibdeniti, tena kidogokidogo.

Sasa fuwele. Mimi ni wa Malindi, nimekua nikiona mashamba ya chumvi ya Gongoni, na mazoea hayo ndiyo yaliyonipoteza. Chumvi ya bahari haijali sana joto la maji, inayeyuka karibu kiasi kilekile yakiwa baridi au yakichemka, ndiyo maana kule wanaacha jua na upepo wa kaskazi ukaushe maji. Perenati ya potasiamu haitaki jua, inataka baridi. Maji yanayochemka yanaishika zaidi ya mara 10 ya maji baridi. Basi ichemshe kwenye maji machache kadiri iwezekanavyo mpaka yawe angavu, funika, acha ipoe taratibu mezani, kisha ndipo uiweke kwenye barafu. Ukiiharakisha utapata unga. Ukiiachia, utaona vipande vinavyong'aa vikijishika kwenye kuta za kioo.

Kuosha ndiko watu wanakopoteza mali. Gramu 2 za reni zikifika salama zinatoa gramu 3.1 hivi za chumvi. Ukiosha kwa mililita 100 za maji ya bomba, tena maji yetu ya pwani yaliyo vuguvugu, theluthi nzima yaweza kwenda na maji. Osha kwa vijiko viwili vya maji ya barafu, basi.

Uliuliza pia kwa nini si ya zambarau kama pamanganeti, ilhali manganizi (metali iliyomo kwenye pamanganeti) na reni ziko safu moja ya jedwali la elementi. Perenati haina rangi, ndivyo ilivyo, na weupe wake si dalili ya uchafu. Tena ni tulivu: pamanganeti ikipashwa kufika nyuzi 240 hivi huvunjika na kutoa oksijeni, hii inayeyuka kwenye nyuzi 550 na ushei bila kuvunjika. Kwa kuunguza vitu vingine haiifikii pamanganeti hata kidogo.

Yale maji uliyochujia yatie chupani, andika jina na tarehe, uyatumie kuyeyushia mkupuo ujao. Na ukishatia ile kloridi ya potasiamu, rudi hapa utuambie umepima gramu ngapi.